Mto wa Bibi na Mto wa Bata

Mto wa Bibi, 9 Januari 1969

Mpwa wangu Darya,

Pokea salamu zetu kutoka huku. Sisi ni wazima kwa kadiri baridi inavyoruhusu. Mkaza mjomba wako Fekla anauliza kama bado unavaa zile soksi za manyoya alizokushonea au unawaonea haya watu wa mjini. Nimemwambia umezificha chini ya kitanda. Amesema vidole vya miguu vikikatika kwa baridi usimwandikie yeye.

Mbwamwitu wamekula kulungu wetu wawili tangu theluji ianguke, wamebaki ishirini na wanne. Samaki wapo chini ya barafu, tunawatoa kila siku. Shemeji yako Semyon amepata mbweha watatu na anatembea kama mtu aliyekamata dubu kwa mikono. Mwandiko wangu uuvumilie. Unajua nilijifunza kuandika vitani, nikiwa mtu mzima, kwa penseli moja tuliyogawana watu watatu.

Sasa nililokuandikia. Dada yako Ulyana ana mimba. Hakutaka ujue, maana anasema kila akikwambia habari hiyo mtoto hafiki. Mara mbili alizojifungulia huku watoto walikufa siku ileile, na ya pili almanusura tumzike na yeye. Mkunga wa kijiji cha Lor-Pugol amehesabu kwa vidole vyake: mwisho wa Mei. Unakumbuka Mei huku ilivyo. Barafu inavunjika na kubebana, kulungu hawavuti gari la theluji, mtumbwi haupiti, wala mtu hawezi kutoka kwa miguu. Mjini kwenu kuna helikopta ya wagonjwa. Wewe unakaa na watu wenye mihuri. Waombe ije kumchukua kabla ya uchungu kuanza.

Lakini mambo ya ramani usiyaguse.

Mjomba wako,
Prokopi

*

Mjini, 2 Februari 1969

Mjomba Prokopi, shikamoo,

Barua yako imefika na mchukuzi wa ngozi, imenuka samaki mpaka wenzangu wa chumbani wakafungua dirisha. Mwambie mkaza mjomba soksi nimezivaa ninapoandika hivi. Ofisini kuna joto, mabomba ya maji moto yanapita ukutani. Nakula mkate mweupe na viazi, samaki mbichi aliyeganda sijaonja tangu nije.

Nimeisoma habari ya dada mara nyingi. Nilikwenda ofisi ya afya siku iliyofuata. Helikopta inawezekana. Mtu anaandikiwa fomu, inawekwa tarehe, rubani anapewa jina la mto anakwenda. Nikauliza, rubani anaujuaje mto? Wakanicheka. Wakasema anatumia ramani mpya, ile ya ofisi ninayofanyia kazi.

Mjomba, ramani ile nimeichora mimi. Kiangazi kilichopita wapima ardhi walikuja kwako. Waliporudi na karatasi zao nikaona Mto wa Bibi umeandikwa kule magharibi, kilomita themanini kutoka kwenu, mahali ambapo tangu nimezaliwa najua ni Mto wa Bata. Na mto mnaokaa ninyi, mto nilikozaliwa mimi, wameuandika Bata. Nilikaa nimeishika kalamu. Nikasema labda wamekosea. Kisha nikakumbuka aliyewatajia majina ni nani. Nikachora kama ilivyoletwa, sikusema kitu.

Katika daftari la Lor-Pugol ninyi nyote mmeandikwa watu wa Mto wa Bibi. Rubani akipewa jina hilo atakwenda kusiko na mtu.

Nakuomba umlete dada kwa gari la kulungu mwezi wa Machi, theluji ikiwa ngumu. Akae Lor-Pugol kwa mkunga. Hapo hatuhitaji helikopta wala ramani.

Mpwa wako,
Darya

*

Mto wa Bibi, 25 Februari 1969

Mpwa wangu Darya,

Sote wazima. Fekla ameanguka kwenye ngazi ya ghala akaumia kiwiko, lakini mdomo haukuumia. Mchana umeanza kurefuka. Semyon anachonga mtumbwi mpya.

Umeuliza bila kuuliza, kwa hiyo nitakujibu, kisha barua hii uichome.

Walikuja wapima watatu. Mkubwa wao alikuwa mtu mzuri, alikunywa chai yetu na akampa Fekla sindano. Walitaka majina ya mito yote. Nikawapa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Mzee, mto ambao mnasema maji yake yanawaka ni upi?" Nikajua kilichowaleta. Ile hadithi ya Bibi aliyelala kwenye chemchemi, na utando unaong'aa juu ya maji pale kwenye kinamasi cha juu, imewafikia. Wanatafuta mafuta.

Wewe ulikuwa shuleni bwenini, hukuuona Mto wa Mawe baada ya wachimbaji kufika. Mimi niliuona. Samaki walielea matumbo juu, nikawa nasukuma mtumbwi katikati yao kama kwenye uji. Msitu uliungua kiangazi kizima. Mama yako alifia pale akiomba maji ya kunywa, na maji ya kumpa hatukuwa nayo. Ndipo tukaiacha kambi yetu ya kule, tukabaki huku jumla.

Basi nikamwambia mpima, Mto wa Bibi uko magharibi, mbali. Akauliza, "Na huu?" Nikasema huu ni Mto wa Bata tu. Akaandika. Akanishukuru.

Sasa hilo la gari la kulungu. Tulijaribu wiki iliyopita. Tulimfunga dada yako kwa ngozi vizuri, Semyon akawaongoza kulungu taratibu. Kwenye kona ya tatu akatokwa na damu kidogo. Tukarudi. Amelala, anakula, anamtania Semyon kuhusu mtumbwi wake kwamba utafaa kulishia mbwa. Ilikuwa damu kidogo tu. Lakini kumtikisa tena hatutaki.

Kwa hiyo ni helikopta. Mwandike kwa jina la Bata, jina la ramani yenu, rubani atatufikia. Usimwambie mkuu wako wala mtu yeyote. Wakijua mto ni huu, watakuja na vyuma vyao majira haya ya baridi yakirudi.

Mwambie rubani hivi. Mto wetu unatoka kwenye ziwa lenye umbo la kiatu, unapita katikati ya misonobari ya kinamasi, myembamba kama mifupa. Maji ni mekundu kama chai. Ahesabu kona kumi na nne kutoka ziwani, ya kumi inakaribia kujirudia, mtu anaweza kurusha jiwe kutoka upande huu likaangukia mto uleule upande wa pili. Baada ya kumi na nne kijito kinaingia kutoka kaskazini. Nyumba zetu mbili ziko hapo, na ghala lililosimama kwenye miguu minne. Tutawasha moshi.

Mjomba wako,
Prokopi

*

Mjini, 18 Machi 1969

Mjomba Prokopi, shikamoo,

Natumaini kiwiko cha mkaza mjomba kimepona. Mimi niko salama. Nimepandishwa cheo kidogo, sasa nina meza yangu karibu na dirisha. Mpe Semyon hongera za mtumbwi, na mwambie dada namtumia kitambaa cha kichwa, chekundu, asikivae mpaka siku ya kupanda helikopta.

Mambo yote yamekwenda vizuri. Fomu nimeijaza kwa mkono wangu: Ulyana, Mto wa Bata, kona ya kumi na nne. Tarehe ni 12 Mei. Imetumwa Lor-Pugol kupigwa muhuri, itarudi ofisi ya afya, basi. Nimemwona rubani mwenyewe, ni mtu mnene mcheshi, nikamweleza habari za kona. Akasema, "Dada, mimi naruka kwa karatasi. Karatasi ikisema Bata, nakwenda Bata." Nikafurahi kwa jibu hilo.

Wachimbaji walikwenda magharibi majira haya. Wametoboa mahali pawili wamepata maji matupu. Mkuu wangu Arkadi Lvovich siku hizi anaitazama ramani ile mara kwa mara.

Usiwe na wasiwasi wowote. Niandikie kama damu imekoma. Hukuniandikia imekoma.

Darya

*

Mto wa Bibi, 14 Aprili 1969

Darya,

Semyon anaondoka sasa hivi na kulungu wanne kujaribu kufika Lor-Pugol. Theluji imeanza kuoza, akichelewa siku mbili hatapita. Kwa hiyo naandika haraka.

Nilikudanganya. Haikuwa damu kidogo, na haikukoma. Inakuja kila baada ya siku chache. Juzi ilikuja nyingi mpaka akapoteza fahamu mbele yetu, Fekla akampiga mashavuni akimwita kwa jina. Sasa ni mweupe kama mkate wenu. Anakula ini bichi, anatapika. Hatanii tena.

Nenda kwa mkuu wako. Mwambie kila kitu. Mwambie Prokopi aliwadanganya, mto wa mafuta ni huu, waje wauchukue, ila waje na daktari, na waje kabla ya tarehe ile. Sema mimi ndiye niliyedanganya. Wewe hukujua. Sema hivyo.

Wachukue mto.

Prokopi

*

Mjini, 20 Mei 1969

Mjomba wangu,

Sijui salamu ya kuanzia. Mkaza mjomba Fekla yuko hapa, ameketi kitandani kwangu. Mtoto yuko hospitalini, ni msichana, amewekwa kwenye sanduku la kioo lenye joto. Ana uzito kama wa bata mmoja. Anapumua. Namtazama mara mbili kwa siku kupitia dirishani, hawaniruhusu kuingia.

Fekla amenisimulia kwa maneno machache. Kwamba mliwasha moshi tangu tarehe 12 kwa matawi mabichi mpaka macho yakawavimba. Kwamba uchungu ulianza tarehe 13. Kwamba dada alivaa kitambaa chekundu. Yaliyobaki hakuweza.

Sasa ni zamu yangu kukueleza ya upande wangu, kwa sababu unastahili kujua, hata kama hutasoma barua yangu nyingine.

Tarehe 12 helikopta iliruka. Nilisimama nje ya ofisi nikaiona. Nikanunua maziwa. Tarehe 13 ukungu. Tarehe 14 nikaenda uwanjani, nikamkuta yule rubani anakula. Nikamuuliza, mgonjwa wangu yuko wapi? Akasema, "Hakuna mtu kule, dada. Nimezunguka mto wote, nimeona mashimo ya wachimbaji na mapipa." Nikamwambia, hukuzunguka Bata. Akanionyesha karatasi. Imeandikwa Mto wa Bibi.

Pale Lor-Pugol karani alipopiga muhuri alitazama daftari lake, akaona Ulyana ni mtu wa Mto wa Bibi. Akafuta Bata kwa rula, mstari ulionyooka, akaandika Bibi kwa wino mweusi. Nimeongea naye kwa simu ya upepo. Ni mwanamke mzee mwenye upole. Anawajua nyote. Akaniambia, "Mwanangu, nilidhani mlikosea huko mjini, nikawasahihishia." Alikuwa sahihi. Katika watu wote, yeye peke yake ndiye aliyeandika jina la kweli.

Nikakimbia kwa Arkadi Lvovich. Kulikuwa na watu sita chumbani. Nikaiweka ramani mezani, nikafuta majina mawili, nikayaandika upya kwa kalamu nyekundu mbele yao. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tangu lini nimejua. Nikamwambia tangu siku ya kwanza. Akainua simu akaita uwanjani, waruke alfajiri. Lakini ukungu ulirudi tarehe 15, na helikopta iliwafikia tarehe 16.

Fekla anasema dada alifariki tarehe 15, adhuhuri.

Siku moja, mjomba. Ningekwenda kwa Arkadi Lvovich tarehe yoyote kabla ya hapo, wangemkuta hai.

Darya

*

Mjini, 11 Julai 1969

Mjomba Prokopi, shikamoo,

Fekla ameondoka na boti ya kwanza, bila shaka ameshafika. Nilimpa sukari na dawa ya macho. Hukumtuma na neno lolote kwangu, wala boti iliyorudi haikuleta barua.

Barua yako ya tarehe 14 Aprili ilifika tarehe 9 Juni. Mfuko wa posta ulikaa Lor-Pugol wakati wote barafu ikivunjika, na Semyon alipoufikisha simu ya upepo ilikuwa mbovu. Niliisoma nimesimama pale dirishani posta, watu wakinipita. Umeniambia niseme mimi sikujua. Mjomba, kuna jambo sikukuandikia. Ramani ile mkuu alinipa niikague majina, kwa kuwa mimi ni mtu wa huko. Chini yake pameandikwa "majina yamehakikiwa," na sahihi ni yangu. Ni kwa sahihi hiyo walinipa meza ya dirishani. Ningeweza kukataa kuitia, nikakaa kimya kwa ajili yako. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini meza nayo niliitaka.

Wamenitoa. Sasa nasafisha samaki kwenye kiwanda cha makopo. Mikono inanuka kama barua zako.

Mtoto ametoka kwenye kioo. Ninaye chumbani, ananyonya chupa, analia kwa hasira. Watu wa ofisi ya vizazi wanataka kumwandika. Wameniuliza jina na mahali alipozaliwa. Karani alifungua ramani ileile, nakala mpya bado hazijachapwa. Akaweka kidole juu ya mto wenu akasoma, "Bata?" Nimemwambia asubiri, nawauliza wazee.

Nijibu, hata kwa kunitukana.

Darya

*

Kona ya kumi na nne, 6 Septemba 1969

Mpwa wangu Darya,

Nimekaa na karatasi hii kiangazi chote. Fekla alikuwa ananitazama tu. Jana amesema kwamba kama siandiki ataandika yeye, na yeye hajui herufi hata moja. Kwa hiyo nakusalimu. Sisi ni wazima. Matunda ya kinamasi yamekuwa mengi mwaka huu, hatukuyachuma sana. Kulungu walisumbuliwa na mbu, tumepoteza ndama mmoja.

Hukumuua wewe. Nilikuwa nangoja mtu mwingine aniambie hivyo mimi, ndiyo maana nimekawia kukuambia wewe. Hakuna aliyeniambia. Vitani nilikuwa mpelelezi, nilibeba ramani kifuani. Niliona kikosi kikiingia mahali ambapo karatasi ilisema pana daraja, wakaangamia mbele ya macho yangu. Nilijua jina au alama isiyo mahali pake inavyofanya. Nilijua kuliko wapima wale, kuliko wewe, na nikafanya vilevile.

Yeye, sitalitaja jina lake mwaka huu kama desturi yetu ilivyo, hakunilaumu. Tarehe 14 alisikiliza siku nzima. Kila nzi alipopita aliinua kichwa. Alipochoka akasema, "Mjomba, labda wamepotea." Nikamwambia ndiyo, wamepotea. Sikumwambia nani aliyewapoteza. Alishika mkono wangu akanipa pole, akidhani nimesikitika kwa sababu ya helikopta. Hilo ndilo ninalolala nalo.

Semyon hasemi nami. Alijenga kibanda chake upande wa pili wa mto. Mwezi uliopita wapima walirudi, wengine, na yeye ndiye aliyewaongoza mpaka kwenye chemchemi ya Bibi, akawaonyesha utando ule kwa ncha ya kasia. Nilimwona akirudi. Wachimbaji watakuja barafu ikikaza. Wameshapigilia vigingi vyenye vitambaa vyekundu kuanzia kona ya pili mpaka ya tisa.

Habari ya mtoto. Mwandike Agafia kwa karatasi yao. Lile jina lake la kwetu Fekla atalitafuta akimshika, kama tulivyowatafutia ninyi. Mahali alipozaliwa waandike Mto wa Bibi. Karani akionyesha Bata mwambie afute, na simama hapo mpaka wino ukauke. Sitaki mtoto huyu atafutwe akose kuonekana. Kisha umlete na boti ya mwisho, wewe mwenyewe, kabla ya barafu. Kama unataka kurudi mjini utarudi. Kama hutaki, kuna nafasi.

Mpima mkubwa wa safari hii ni kijana mwenye miwani, mwangalifu sana. Alikuwa ameambiwa habari zangu. Alitandaza karatasi mbele yangu akasema kwa adabu kwamba safari hii angeomba ukweli. Nikampa. Tulikaa kutwa nzima. Kila kona, kila kijito, kila kinamasi, hata mahali ambapo sisi wenyewe hatupataji kwa sauti, nilitaja na nikamngoja aandike. Alinisomea upya nikamrekebisha herufi. Nilikuwa kama mtu anayevuliwa nguo moja moja.

Tulipofika kwenye kile kijito cha kaskazini, kinachoingia hapa kwetu, akauliza, "Na hiki?" Juu yake kidogo, kwenye misonobari, ndipo tulipomlaza.

Nikamwambia hakina jina.

Alinitazama juu ya miwani. Kisha akachora mstari mwembamba, akauacha hivyo hivyo bila neno.

Kina jina, unalijua, ulijifunza kuogelea humo. Usimwandikie mtu. Pale hakuna yeyote anayengoja kufikiwa.

Mjomba wako,
Prokopi